Waliovitaka Vita na Waliovibeba

Mwezi Agosti 1914 Dar es Salaam ilikuwa ikijiandaa kwa sherehe. Reli ya Kati ilikuwa imefika Kigoma mapema mwaka ule, na Gavana Heinrich Schnee alikuwa ametayarisha maonyesho makubwa ili wageni waje waone mkonge, pamba, kahawa na kazi ya serikali yake. Badala ya wageni zikaja habari za vita. Schnee hakuvitaka. Kule Nairobi, Gavana wa Waingereza, Henry Belfield, naye hakuvitaka, wala hakuficha kwamba haoni koloni lake lina maslahi gani katika ugomvi wa Ulaya. Wote wawili walikuwa na karatasi ya kushikia. Mkataba wa Berlin wa 1885, ule ule uliohalalisha kugawana bara hili, ulikuwa na kifungu kilichoruhusu nchi za bonde la Kongo, pamoja na eneo la biashara huria lililonyooshwa hadi Bahari ya Hindi, ziwekwe kando iwapo wenye makoloni watapigana huko kwao.

Tusiwape magavana hao sifa wasiyostahili. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimezimwa miaka saba tu nyuma, kwa moto na kwa njaa, na Wajerumani wa Dar es Salaam walijua wanakaa juu ya nini. Wakubwa wa pande zote mbili walihofia jambo lile lile: Mwafrika akishafundishwa kumlenga Mzungu kwa bunduki, nani atamfundisha kusahau? Kulikuwa pia na reli ya kulinda, mashamba ya kulinda, na mikopo ya benki. Lakini anayetaka amani kwa sababu mbovu bado anataka amani, na kama neno lingebaki kwao wawili huenda mpaka wa Taveta usingevuka mtu mwenye silaha mwaka ule.

Neno halikubaki kwao. Januari 1914 alishuka bandarini Luteni Kanali Paul von Lettow-Vorbeck, mkuu mpya wa jeshi la koloni. Alikuwa na miaka 43. Alikwishapigana Uchina wakati wa uasi wa Mabondia na Namibia wakati Waherero walipokuwa wakiangamizwa. Kisheria alikuwa chini ya gavana. Kichwani mwake hakuwa chini ya mtu. Alikuwa na hoja moja, na baadaye aliiandika waziwazi katika kumbukumbu zake: hatima ya koloni hili itaamuliwa kwenye viwanja vya vita vya Ulaya, kwa hiyo kuliokoa koloni lenyewe si kazi yake. Kazi yake ni kuwafanya Waingereza walete huku askari, meli, fedha na risasi ambazo zingetumika Ufaransa. Ili waje, lazima wachokozwe.

Ukiipima hoja hiyo mezani Berlin, ina akili. Ukiipima ukiwa Moshi, Songea au Dodoma, ni hesabu ya mtu anayetia moto nyumba ya jirani ili wazima moto wasiwahi kwa adui yake. Tena jirani ndiye anayeambiwa achote maji.

Waingereza nao walikuwa na wachokozi wao, ila hao walikaa mbali zaidi. Wakuu wa jeshi la majini London walitaka mnara wa simu ya upepo wa Dar es Salaam unyamaze, kwa sababu manowari ya Kijerumani Königsberg ilikuwa baharini na mnara huo ungeweza kuwasiliana nayo. Tarehe 8 Agosti manowari Astraea ikaja ikaupiga makombora. Maofisa wa serikali ya Schnee wakapandisha bendera nyeupe na kukubaliana na nahodha kwamba mji hautafanya uhasama. Tanga nayo ikaingia katika makubaliano kama hayo siku chache baadaye. Lettow-Vorbeck alipopata habari alifura kwa hasira. Huko London wakubwa hawakuyapenda makubaliano hayo zaidi yake, na hatimaye wakayakataa. Kwa jambo hilo kamanda wa Kijerumani na wakubwa wa Kiingereza walikuwa kitu kimoja.

Kuna kisa cha Ziwa Nyasa kinachoonyesha jinsi vita hivyo vilivyowakuta hata Wazungu wenyewe wakiwa hawavijui. Waingereza walikuwa na meli moja yenye silaha ziwani, Gwendolen, chini ya Kapteni Rhoades. Wajerumani walikuwa na yao, Hermann von Wissmann, chini ya Kapteni Berndt. Wawili hao walikuwa marafiki wa chupa; kila wakikutana bandari moja walikunywa pamoja. Tarehe 13 Agosti Gwendolen ikaingia Sphinxhaven, upande wa Wajerumani, ikaikuta ile nyingine imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, ikaipiga mzinga. Berndt, ambaye hakuna aliyemwambia kwamba kuna vita, akaruka kwenye mtumbwi na kupiga makasia kumwendea rafiki yake huku akimfokea: umelewa nini? Akaambiwa yeye ni mateka. Magazeti ya Uingereza yalishangilia ushindi huo wa majini.

Siku mbili baadaye, tarehe 15, Lettow-Vorbeck aliwavusha watu wake mpaka chini ya Kilimanjaro wakaiteka Taveta, mji uliokuwa na polisi wachache tu. Kutoka hapo vikosi vyake vikaanza kuiandama reli ya Uganda, kutega baruti na kukimbia. Sasa Waingereza hawakuwa na njia ila kuleta jeshi. Alichokitaka amekipata.

Mtu aliyeliona jambo hili mapema na kulisema kwa sauti alikuwa mchungaji wa Nyasaland, John Chilembwe. Septemba 1914 Waafrika wa pande zote mbili waliuana Karonga, kaskazini mwa nchi yake, kwa amri ya mabwana wawili waliokuwa wamepakana kwa amani mwezi Julai. Novemba Chilembwe aliandika barua kwa gazeti la Nyasaland Times. Hakuandika kwa mafumbo. Alisema wakati wa amani kila kitu ni cha Wazungu, na wakati wa vita ndipo Mwafrika anaitwa kuwa mwenzao. Akataka matajiri, wenye mabenki, wenye vyeo, wafanyabiashara na wenye mashamba waende wao vitani wakapigwe risasi, kwa kuwa ndio wenye kitu cha kulinda. Toleo lile la gazeti lilizuiwa. Januari 1915 Chilembwe akainua silaha dhidi ya walowezi wa Magomero na mapema Februari akauawa. Wanahistoria wanabishana hadi leo kama alitarajia kushinda. Mimi nadhani barua inatosha kueleza aliyekuwa anapigana naye: mtu anayeamua vita bila kuwamo.

Turudi pwani. Mwezi Novemba 1914 London na Delhi zilituma kikosi cha watu wapatao 8,000, wengi wao Wahindi, kuiteka Tanga. Walikuwa wamekaa melini wiki kadhaa wakitapika; baadhi yao hawakuwahi kufundishwa pamoja hata siku moja. Asubuhi ya tarehe 2 Kapteni Caulfield wa manowari Fox aliingia bandarini na kumwita mkuu wa wilaya, Mjerumani aitwaye Auracher. Akamwambia makubaliano ya amani yamefutwa, mji usalimu amri. Kisha akauliza: je, bandari imetegwa mabomu? Auracher, ambaye hakuwa na bomu hata moja majini, akajibu ndiyo. Akaomba muda wa kwenda kuuliza wakubwa wake. Akashuka, akavaa sare yake ya jeshi, akapeleka simu kwa Lettow-Vorbeck. Waingereza wakatumia saa nyingi wakifagia bahari na kuopoa magogo.

Muda huo ulitosha kwa treni kushuka kutoka Moshi na kombania baada ya kombania ya askari. Schnee alikuwa ameagiza Tanga isiingizwe kwenye mapigano, isije ikabomolewa. Lettow-Vorbeck aliamua kutolijali agizo hilo. Usiku aliingia mjini kwa baiskeli kukagua mitaa, na tarehe 4, askari wake wapatao 1,000 waliwasubiri Wahindi watokeze kwenye mashamba ya mipira na minazi. Wahindi hao walikuwa wakulima wa Rajputana na wa kusini kabisa mwa India, hawajui Tanga iko upande gani wa dunia. Mbele yao walikuwa Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema na wengine, ambao nao hawakuwa na neno na mtu wa Rajputana. Risasi zikatoboa mizinga ya nyuki iliyotundikwa mitini, na nyuki wakawavamia watu wa pande zote. Baadaye Waingereza walisadiki kuwa ni hila ya Wajerumani. Jioni jeshi la kutoka India lilikuwa limepoteza zaidi ya watu 800 kati ya waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea. Wakapanda meli wakaacha ufukweni bunduki kwa mamia, bombomu, na risasi zaidi ya nusu milioni. Silaha hizo zilimsaidia Lettow-Vorbeck kuendesha vita vya miaka minne.

Vitabu vingi husimulia miaka hiyo kama mchezo wa sataranji baina ya majenerali. Tarehe 12 Februari 1916 Salaita, Machi Moshi, Septemba Dar es Salaam na Tabora, kwa kuwa Wabelgiji nao walikuwa wameingia kutoka Kongo na jeshi lao la Wakongo. Jan Smuts, jenerali wa Afrika Kusini, aliongoza msukumo huo wa mwaka 1916 na maelfu ya Wazungu wa kwao waliokuja na farasi. Farasi walikufa kwa ndorobo. Wazungu walilala kwa malaria. Kabla mwaka haujaisha zaidi ya 12,000 walikuwa wamerudishwa nyumbani. Januari 1917 Smuts mwenyewe alipanda meli kwenda London kwenye mkutano wa dola, akitangaza kwamba vita vya Afrika Mashariki vimekwisha, kimebaki kufagia. Vilidumu miezi mingine ishirini na mbili. Nafasi za walioondoka zilijazwa na Wanaijeria, watu wa Gold Coast na King's African Rifles, kikosi ambacho mwaka 1914 kilikuwa na askari wapatao 2,300 na mwaka 1918 kikapita 30,000. Kadiri vita vilivyozidi kuwa vibaya, ndivyo vilivyozidi kuwa vya Waafrika peke yao.

Hata askari hakuwa wa chini kabisa. Chini yake alikuwako mpagazi.

Nchi ile kusini ya Reli ya Kati haikuwa na barabara ya kupitisha gari wakati wa mvua, na ndorobo waliua ng'ombe, nyumbu na punda kwa siku chache. Kilichobaki ni kichwa cha mtu. Fanya hesabu mwenyewe. Mpagazi anabeba kilo 25. Anakula kilo moja ya unga kwa siku. Ukimtuma mwendo wa siku kumi na lazima arudi, amekwishakula kilo 20 za mzigo wake. Zilizofika kwa askari ni tano. Ukimtuma mbali zaidi ya hapo, inabidi umwekee mpagazi mwingine wa kumbebea chakula chake, na huyo naye ale. Ndiyo maana kila askari mmoja wa mbele alihitaji watu kadhaa nyuma yake, na ndiyo maana Waingereza peke yao waliandikisha, kwa muda wote wa vita, wapagazi wanaokadiriwa kufika milioni moja, kutoka Kenya, Uganda, Nyasaland, Kongo, Unguja na nchi yenyewe waliyokuwa wakiiteka.

Mwanzoni Kenya walikwenda wengine kwa hiari. Hiari ilikwisha mara habari zilipoanza kurudi. Walowezi wa Nairobi, ambao Agosti 1914 walikuwa wameingia mjini juu ya farasi zao na bunduki za kuwindia wakiimba, wengi walikuwa wamekwisharudi kwenye kahawa zao ndani ya mwaka mmoja. Septemba 1915 walifanya mkutano mkubwa, Ewart Grogan akiwa msemaji mkuu, wakadai serikali ivichukulie vita kwa uzito na kila mtu alazimishwe. Sheria zikapita. Wazungu waliandikishwa, na wengi wakaonekana wanahitajika zaidi mashambani. Wakuu wa wilaya walipewa mamlaka ya kuwakusanya Waafrika, na mshahara wa mpagazi ukawa rupia tano kwa mwezi, pungufu sana ya ule wa awali.

Mkuu wa wilaya hakwenda mwenyewe kijijini na kamba. Alimwambia chifu: nataka watu mia tatu. Chifu akawaita wazee wa vitongoji. Mzee wa kitongoji hakumtaja mwanawe, wala mtoto wa mwenye ng'ombe wengi. Alitajwa yatima, mgeni, mwenye kesi, aliyemtolea chifu maneno mabaya. Hivyo amri iliyotoka London ilishuka ngazi kwa ngazi, na kila aliyeshika ngazi alimsukumia wa chini yake, hadi ikamkuta asiye na wa kumsukumia. Machifu kadhaa walitoka vitani wakiwa na mifugo mingi kuliko walivyoingia. Kisa hiki hakipendezi kusimuliwa, maana ni rahisi zaidi kuwalaumu Grogan na Lettow-Vorbeck, lakini kwenye vijiji vya Nyanza na Ukambani mkono wa kwanza kumshika mtu ulikuwa wa jirani yake.

Pwani ya Kenya Wagiriama walikwishakataa kabla ya wengine. Mekatilili wa Menza aliwalisha watu kiapo mwaka 1913 wasitoe vijana wao kwa kazi ya serikali. Agosti 1914, wiki ile ile vita vinatangazwa, Waingereza walilipua Kaya Fungo kwa baruti, na walipotaka pia wapagazi, Wagiriama wakapigana. Walitozwa faini ya mbuzi na fedha, na ya watu: wapagazi.

Mwaka 1917 John Ainsworth, ofisa wa serikali, alipewa kazi ya kukusanya kwa mkupuo mmoja wapagazi 120,000 na zaidi kutoka Kenya. Wanaume walikimbilia msituni wakalala huko. Polisi walikuja usiku. Hadi Agosti, wilaya nyingine hazikuwa na mwanamume mwenye nguvu za kutosha aliyebaki, na zoezi likasimamishwa kwa kuwa hakuna wa kukamatwa.

Waliofika kambini walipewa blanketi, namba ya bati ya kuning'iniza shingoni, na unga. Unga ndio ulioua. Watu waliozoea ndizi, viazi, mtama au uwele walipewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, wa chenga kubwa, na sufuria chache za kupikia. Wakifika kituoni usiku kwenye mvua, kuni mbichi, waliula ukiwa haujaiva. Tumbo likaanza. Kuhara damu kuliua wapagazi wengi kuliko risasi zote za Lettow-Vorbeck. Waliokuwa wametolewa kwenye milima ya baridi walipelekwa bonde la Rufiji mapema 1917, mwaka wa mafuriko, wakashikwa na malaria na nimonia kwa wakati mmoja. Wanaijeria waliokuwa huko huko walikula mizizi na wanyama waliokufa kwa sababu wapagazi wa kuwaletea posho walikuwa wamekufa njiani.

Hesabu rasmi ya wapagazi waliokufa upande wa Waingereza ilizidi 40,000. Wanahistoria waliozipitia daftari upya wanakaribia 100,000. Ofisa mmoja wa Wizara ya Makoloni aliandika baada ya vita kwamba kampeni hii ilikosa kuwa kashfa kwa sababu moja tu, kwamba walioumia zaidi walikuwa wapagazi, na nani anayejali wapagazi wa kienyeji? Hakuwa akiwatetea wala kuwakejeli. Alikuwa akieleza jinsi ofisi yake inavyofanya kazi. Wajerumani kwa upande wao hawakuweka daftari ya wapagazi wao hata ya kubishania.

Kulikuwa na ushahidi kwamba vifo hivyo havikuwa vya lazima. Dakta John Arthur wa misheni ya Kikuyu aliondoka mwaka 1917 na kikosi cha wanamisheni, akawa nao mwenyewe, akasimamia chakula chao, na waliorudi walikuwa wengi mno ukilinganisha na vikosi vingine. Frank Weston, askofu wa Unguja, aliwakusanya wapagazi wa visiwani mwaka 1916, kisha akavaa viatu akatembea nao bara. Weston alikuwa Mwingereza aliyeamini vita vile. Ila alipoita watu, alitoka nao, akaona. Mwaka 1920 aliandika kijitabu kikali, The Serfs of Great Britain, akishambulia kazi za kulazimishwa ambazo serikali yake ilikuwa ikizihalalisha Kenya. Sina shaka kwamba mabega aliyoyaona njiani yaliuongezea ukali kijitabu hicho.

Oktoba 1917 vilipiganwa vita vikubwa kuliko vyote, siku nne za Mahiwa, karibu na Lindi. Waingereza, yaani hasa Wanaijeria na wenzao wa King's African Rifles, walipoteza watu wapatao 2,700. Lettow-Vorbeck alishinda na hakuweza kushinda tena namna ile: risasi zilikuwa zinamwishia. Mwezi uliofuata akavuka Ruvuma kuingia Msumbiji ya Wareno, na kwa mwaka mzima jeshi lake liliishi kwa kupora ghala na mashamba. Wapagazi waliotoroka walibadilishwa na waliokamatwa vijijini, wakafungwa kamba wasikimbie. Ludwig Deppe, daktari aliyefuatana na safari hiyo, aliandika kwa uchungu kuhusu walichokuwa wakiacha nyuma: mashamba yaliyoteketezwa, ghala tupu, vijiji visivyo na watu, na njaa itakayokuja. Alikuwa ndani ya jeshi lililosifiwa baadaye kwa ushujaa wa kutoshindwa.

Njaa ilikuja kweli. Huko Ugogo, Wajerumani walikuwa wamechukua ng'ombe na wapagazi walipokuwa wakirudi nyuma, kisha Waingereza wakachukua ng'ombe na wapagazi walipokuwa wakiwafuata. Nguvu za kulima zikaenda, akiba ya mtama ikaenda, mvua zikakosekana. Njaa ya 1917 hadi 1920 Wagogo waliita Mtunya. Inakadiriwa wilaya ya Dodoma, iliyokuwa na watu 150,000, ilipoteza 30,000. Hakuna jenerali aliyekuwa na ugomvi na Wagogo. Walikuwa njiani tu.

Tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya Ulaya kunyamaza, Lettow-Vorbeck aliweka silaha chini Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia. Alikuwa na Wazungu 155, askari 1,168 na wapagazi wapatao 1,500. Wajerumani walipelekwa pwani wakapanda meli. Askari waliwekwa kambini Tabora, na homa kubwa ya mafua ikawapunguza. Machi 1919 Lettow-Vorbeck alipita chini ya Lango la Brandenburg, Berlin, juu ya farasi, umati ukipiga makofi. Mwaka uliofuata akashiriki jaribio la kuipindua serikali ya jamhuri changa ya Ujerumani. Aliishi hadi Machi 1964.

Na je, mpango wake ulifaulu? Waingereza walitumia fedha nyingi mno na watu wengi kuliko walivyotarajia, hilo ni kweli. Lakini wengi wa watu hao, Waafrika, wasingepelekwa Ufaransa hata kama Tanga isingepigwa risasi moja. London haikutaka Mwafrika mwenye bunduki Ulaya. Kwa hiyo waliozuiwa huku hasa ni watu ambao wasingekwenda kokote, wangebaki kulima.

Kenya nayo iligawa zawadi. Mwaka 1919 mpango wa kuwapa ardhi askari wastaafu uligawa mashamba, mengine ya ardhi ya Wanandi, kwa maofisa na wanajeshi Wazungu, wakiwamo waliopigana Ufaransa na ambao hawakuwahi kuiona Afrika. Mpagazi aliyebeba mzigo wake hadi Songea hakupata hata kijibustani. Alipata kipande: utaratibu wa kumwandikia mtu namba, alama za vidole na jina la mwajiri ulikuwa umejaribiwa vizuri kwenye kambi za wapagazi, na tangu 1919 kila mwanamume Mwafrika akatakiwa kuwa nacho. Kodi ikapanda. Mwaka 1922 waliokusanyika Nairobi kudai kiongozi wao Harry Thuku atolewe kizuizini walikuwa wanalalamikia kipande, kodi na mishahara, na baadhi ya waliopigwa risasi siku ile walikuwa na umri wa kuwa walikwishaitwa mara moja kutetea himaya.

Sanamu zikasimamishwa, Dar es Salaam mwaka 1927 na Nairobi mwaka 1928. Ile ya Dar es Salaam inamwonyesha askari peke yake, bunduki mbele, akielekea bandarini. Ya Nairobi angalau ina mpagazi kati ya watu watatu. Kambi za wapagazi ziliiachia miji hiyo majina, Kariakoo huku na Kariokor kule.

Halafu kulikuwa na suala la mishahara. Wapagazi waliokufa walikuwa wanadai, na fedha zao, makumi ya maelfu ya pauni, hazikuchukuliwa na mtu. Watu wa Kenya waliokuwa wakizifuatilia walipendekeza zitumike kwa mambo ya wilaya zilizotoa watu hao, kama shule na maji. London ilijibu kwamba warithi hawajulikani, daftari hazijakamilika, na hazina ya dola haina wajibu. Mabishano hayo yalipita miaka ya 1920 yakaingia ya 1930, barua zikiendelea kwenda na kurudi kwa meli, na fedha zikabaki London.

Ujerumani ililikumbuka deni lake mwaka 1964, mwaka aliokufa Lettow-Vorbeck. Bunge la Bonn liliamua askari waliokuwa bado hai walipwe malimbikizo yao, na wazee wapatao mia tatu na hamsini wakajitokeza Mwanza. Wachache walikuwa na vyeti alivyowaandikia kamanda. Wengine walileta vipande vya sare. Inasimuliwa kwamba mtu wa benki alimpa kila mmoja ufagio na kumwamrisha kwa Kijerumani afanye mazoezi ya bunduki, na hakuna aliyeshindwa. Malipo yale yalikuwa ya askari. Wapagazi hawakuitwa Mwanza.